Karata za Bi Kazija na Mkarafuu wa Mwatima

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya kale mno, maana baadhi ya mikarafuu ya siku hizo mpaka leo inachumwa, alikuwapo mwanamke akiitwa Mwatima binti Shehe. Kaeni vizuri. Aliyekuja kusinzia na alale sasa hivi, kwa sababu mwishoni nitauliza swali, na sina tabia ya kumuuliza mtu anayekoroma.

Mwatima aliishi katika mji mdogo wa kisiwani, mji wa karafuu na maneno. Msimu ukifika watu walichuma, msimu ukipita walisengenyana. Mumewe, Ussi, alikuwa amevuka maji kwenda kutafuta maisha, na kilichorudi kutoka kwake kilikuwa salamu tu. Nyumbani walibaki watoto wanne. Mize, msichana, ndiye mkubwa. Pandu alimfuata, mtoto wa kukodoa macho na kuuliza. Akaja Shaame, aliyekuwa ameng'oka meno ya mbele. Na kitinda mimba alikuwa Faki, ndiyo kwanza anasimama dede. Alikuwapo pia Bi Kazija, mama yake Ussi, bibi wa watoto hao.

Mwatima alikuwa na mali moja na chuki moja.

Mali yake ilikuwa mkarafuu. Si shamba la mikarafuu, la. Shina moja tu alilorithi kwa baba yake, limesimama kilimani katikati ya miti ya watu wengine, na mji mzima ukijua kwamba ule ni wa Mwatima. Kisiwani kule mtu aliweza kurithi shina moja akajiita mwenye shamba, wala hakuna aliyemcheka. Mti huo ndio uliowavisha watoto, ndio uliowalisha, ndio uliomfanya Mwatima asiende kubisha hodi mlangoni kwa mtu na bakuli mkononi.

Chuki yake ilikuwa karata.

Msije mkamwona mwanamke wa visa. Alipokuwa na mimba ya kwanza, kabla ya Mize, uchungu ulimshika mchana. Akamtuma jirani barazani kwa Ussi: "Mwambie amwite mkunga." Ussi alikuwa na karata nzuri mkononi. Akasema, "Naja, namaliza mkono huu." Akaitwa tena. Akasema, "Naja, namaliza mkono huu." Akaitwa mara ya tatu, ndipo akainuka, na ameshashinda. Mkunga alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kuja duniani, amekuta hapana wa kumpokea, amerudi alikotoka. Maumivu ya namna hiyo hayana dawa. Mwatima alipotoka arubaini alisimama mlangoni mbele ya majirani, akaapa: "Wallahi, atakayeshika karata katika nyumba yangu, awe mkubwa, awe mdogo, nyumba hiyo si yake tena." Ussi aliinamisha kichwa, na hakushika tena karata mpaka alipovuka maji.

Lakini Bi Kazija, jamani, Bi Kazija alishika karata kabla hajashika upawa. Katika ujana wake wanawake wa mtaa mzima walikuwa wakimwogopa. Naye alikuwa na maoni yake juu ya msiba ule, maoni ambayo hakuthubutu kumwambia mkazamwana wake: "Karata hazikumuua mjukuu wangu. Aliyemuua ni mwanangu, ambaye nilimzaa mwenyewe nikasahau kumfunza kuinuka."

Basi Mwatima akienda kuchuma, Bi Kazija hufunga mlango wa chumba chake, hufungua fundo la kanga, na hutoa karata kuukuu zilizokwisha kona. Mchezo wake ulikuwa wahedi wa sitini, mchezo wa kuwania alama sitini na moja. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja akimkabili mwenziwe. Rangi moja hufanywa turufu, na turufu hula karata nyingine zote. Mize alicheza na Pandu. Bi Kazija alicheza na Shaame. Faki alikaa katikati, akijaribu kula karata kwa maana halisi ya neno.

Mize alikuwa msahaulifu. Bibi akamwambia, "Wee Mize, ree ya kopa imepita zamani, na wewe bado unaiogopa! Karata iliyopita haijafa, mjukuu wangu. Ikumbuke. Ukizijua zote zilizopita, iliyobaki itajitaja yenyewe."

Pandu alikuwa akizikodolea macho karata zake. Bibi akamwambia, "Karata zako zitazame mara moja, watu watazame mara mia. Mtu anaweza kuficha turufu mkononi, usoni hawezi. Mimi hapa, nikiwa na turufu, nafanya nini?" Pandu akamtazama, akasema, "Unajikuna goti, bibi." Bi Kazija alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akawa anajikuna goti kwa uwongo.

Shaame alitaka kula kila mkono, na akiliwa yeye analia. Bibi akamwambia, "Mwachie ale. Mpe na njia ya kula, afurahi. Wewe uliza moyo wako: unautaka mkono huu, au unautaka mchezo?" Shaame alifuta machozi, akaachia. Siku ya kwanza aliona uchungu. Siku nyingine alishinda kwa kuachia, akaanza kutabasamu na mapengo yake.

Na wote kwa pamoja aliwaambia neno moja, tena kila siku: "Ukiitwa, karata chini. Hata kama umeshika turufu zote za dunia."

Mwatima hakujua lolote. Aliona tu kwamba watoto wake wamekuwa na utulivu wa ajabu, wakiitwa wanakuja, wakishindwa hawanuni. Akamshukuru Mungu, akamshukuru na mkwewe. "Mama, umewalea vizuri hawa." Bi Kazija akajikuna goti.

Ikafika siku yenyewe, katikati ya msimu. Mji wote ulikuwa kwenye uwanja wa kuanikia. Karafuu zimetandazwa juani juu ya majamvi, wanawake wamekaa duara wanachambua, makonyo, vile vikonyo vilivyonyofolewa karafuu, yamerundikwa kando kama vichuguu. Mwatima alimlaza Faki ndani ya pakacha, akamtandikia kanga, akamfunika kwa jani la mgomba inzi wasimsumbue. Msishangae. Watoto wa karafuu walilazwa hivyo tangu enzi za mababu, na lilikuwa halijatokea la kutokea. Akamwambia Bi Kazija, "Mama, mtazameni mtoto, mimi naenda kugeuza karafuu."

Bi Kazija akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaenda nyuma ya rundo la makonyo na wajukuu wake, akaliweka pakacha la Faki karibu na goti lake, akagawa karata.

Walikuwa katikati ya mchezo wingu lilipotanda. Kisiwani kule mvua haipigi hodi. Mwatima akapiga kelele kutoka upande wa pili: "Mvua! Anueni! Njooni nyote!" Kila mtu anajua, karafuu ikirowa jasho la msimu mzima limekwenda na maji.

Walifanyaje? Karata chini! Hakuna aliyesema namaliza mkono huu. Mize aliinuka, Pandu aliinuka, Shaame aliinuka, na Bi Kazija na magoti yake mabovu akainuka. Walikimbilia majamvi, wakazoa, wakajaza mapakacha, wakafunika kwa majani ya mgomba. Wachukuzi wakabeba kila pakacha lililofunikwa, wakapakia kwenye gari la ng'ombe la Mzee Vuai, nalo likaenda ghalani mbio mbio, mvua ikiwa nyuma yake.

Wakati Mwatima anakamua kanga yake chini ya banda, ndipo alipouliza, "Faki yuko wapi?"

Bi Kazija akageuka akaenda nyuma ya rundo la makonyo. Alikuta karata zimelowa matope. Pakacha halikuwapo.

Siwezi kuwasimulia ukelele ule. Watu walitawanyika kwenye mvua, hawa wakaenda kisimani, wale wakaenda mtoni, na mwanamke mmoja, badala ya kutafuta, akaanza kusimulia ndoto aliyoiota. Mwatima alizunguka pale pale alipo. Aliinua jamvi ambalo hata paka asingejificha chini yake. Akaliinua tena. Kisha akasimama katikati ya uwanja, kichwa wazi, akanadi: "Enyi watu! Nimeweka nadhiri kwa Mungu! Atakayeniwekea Faki wangu mikononi mwangu, mkarafuu wangu ni wake, shina na matawi!"

Akamwona Mize. Mize alikuwa amesimama kimya, amefumba macho.

"Mize! Ndugu yako kapotea, na wewe umelala wima?"

"Mwache," alisema Bi Kazija. "Anazipitisha."

"Anapitisha nini?"

Mize akafumbua macho. "Mama, msimtafute kisimani. Pakacha lake halipo hapa, na mtoto hawezi kwenda na pakacha. Pakacha limebebwa. Twende ghalani."

Ghala halikuwa mbali. Walikimbia, Mwatima, watoto watatu, na Bi Kazija nyuma akijikokota. Mapakacha yalikuwa yamepangwa ukutani, na Mwatima alitaka kuyapindua yote. Mize akamzuia. "Ngoja, mama. Nimeyaona yote yakipita. La Bi Tabu lenye mkono uliokatika, lile pale. Lililofungwa ukili mwekundu, lile. Lililotoboka ubavu, lile. La Faki lilisukwa juzi, makuti yake bado mabichi, ya kijani. Kijani silioni. Uwanjani halikubaki, na hapa halikufika. Basi liko mkononi mwa mtu aliye katikati."

Na aliyekuwa katikati ni mmoja tu. Mzee Vuai alikuwa amesimama karibu na gari lake, akimpapasa ng'ombe shingoni.

Mzee Vuai alikuwa mtu wa heshima, msikitini hakosi safu ya mbele. Mwatima alimwendea kwa adabu, ingawa meno yalikuwa yakimgongana. "Shikamoo, baba. Hukuliona pakacha la kijani?"

"Marahaba, mwanangu. Yote niliyopakia nimeyashusha. Wala njiani sikusimama popote."

Pandu akamvuta mama yake kanga. "Mama, analo."

"Nani kakwambia?"

"Hukumuuliza kama alisimama njiani. Kwa nini anajibu asichoulizwa? Na huyo ng'ombe kutwa alikuwa anampiga bakora, sasa anampapasa. Ameficha kitu, mama. Mwambie atoe!"

Hapo Mwatima alichanganyikiwa kweli kweli. Alimtazama Mzee Vuai, akamwona mwizi. Akamtazama tena, akamwona mzee wa watu. Mwizi wa karafuu katika mji ule alikuwa hana pa kujificha. Alitembezwa mjini ngoma zikipigwa, na wanawe walikosa wa kuwaoa. Mtu akituhumiwa hadharani angeapa kwa msahafu, na akishaapa hakuna njia ya kurudi. Lakini mtoto je? Mvua ilikuwa imekaza, na mitaro ya barabarani ilikuwa ikianza kunguruma. Mwatima akafungua mdomo apige kelele za mwizi.

Shaame akamtangulia. Alikwenda polepole, akamshika Mzee Vuai mkono.

"Babu," akasema, "gari lako lilipopita kwenye shimo, pakacha moja lilidondoka. Mimi nilikuwa nyuma, nikaliona, nikaogopa kusema. Ni pakacha la kijani. Faki wetu amelala humo. Labda wewe, babu, unakumbuka shimo lenyewe ni lipi."

Uwongo mtupu! Hakuna kilichodondoka, na Shaame hakuwa nyuma ya gari. Mwatima alijua, Pandu alijua, ng'ombe naye alijua.

Mzee Vuai akamwachia ng'ombe. "Mtoto? Mtoto ndani?" Rangi ikamtoka usoni. "Naam... naam, palikuwa na shimo. Nimelikumbuka. Ee Mola wangu, nimelikumbuka!" Akavua makubadhi, akakimbia.

Alikimbia mpaka kwenye migomba ya bondeni, mahali ambapo hakuna shimo wala barabara. Pakacha la kijani lilikuwa limefichwa ndani ya mtaro mkavu, ila mtaro haukuwa mkavu tena. Maji yalikuwa yameshalibeba, yamelikwamisha kwenye mzizi, na linainama. Mzee Vuai hakuvua kanzu. Alijitosa, maji yakamfika kifuani, akateleza, akazama, akaibuka, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ukiwa umemshika Faki. Mtoto alikuwa macho, amefumbata kipande cha jani la mgomba, anashangaa. Mzee Vuai akatoka mtaroni akamweka mikononi mwa Mwatima.

Wakati huo huo watu waliokwenda mtoni walikuwa wanarudi. Waliona nini? Walimwona Mzee Vuai amelowa chapachapa, akimweka mtoto mikononi mwa mama yake. Vigelegele! Takbiri! "Mzee Vuai! Mzee Vuai ndiye aliyemwokoa! Mwatima, mti wake huo! Nadhiri ni deni!"

Mwatima aliomba ruhusa ya kumkausha mtoto kwanza. Akaingia ghalani na wanawe na mkwewe, akafunga mlango. Alimkumbatia Faki, akalia, akamnusa kichwani, akalia tena. Kisha akageuka.

"Haya. Nani aniambie. Mlijuaje?"

Mize akasema, "Ni mimi, mama. Bila mimi mngekuwa kisimani mpaka sasa. Ni mimi niliyeyapitisha mapakacha yote, nikajua lililobaki liko wapi. Mimi ndiye ninayestahili mkarafuu."

Pandu akasema, "Ni mimi, mama. Mize alijua liko katikati, hakujua kama mzee anasema kweli. Bila mimi ungemwambia ahsante baba, ukaenda zako. Mimi ndiye niliyemwona. Mimi ndiye ninayestahili mkarafuu."

Shaame akasema, "Ni mimi, mama. Nyinyi mngemwita mwizi, naye angeapa, na akiapa hasemi tena. Mimi nilimwachia ale, ndipo akaturudishia Faki. Mimi ndiye ninayestahili."

"Ulisema uwongo, Shaame. Tena bila kupepesa jicho."

"Ndiyo, mama," alisema Shaame, na kwa mara ya kwanza akaona haya.

"Nani kakufunza hayo? Mize, kupitisha ndiyo nini? Pandu, nyuso za watu wazima umezisomea wapi?"

Watoto watatu wakatazama chini. Bi Kazija akafungua fundo la kanga, akatoa karata alizoziokota nyuma ya makonyo. Zilikuwa zimelowa, zimegandana, zina matope.

"Mimi," akasema. "Nimewafunza mimi, chumbani kwangu, kila ulipotoka. Na leo, nyuma ya makonyo, ndilo tulilokuwa tukifanya."

Mwatima alikaa chini. Ghala zima lilinuka karafuu mbichi na mvua.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nilikuachia mtoto, ukacheza karata."

"Nilicheza, mwanangu. Pakacha lilikuwa kwenye goti langu. Jicho langu moja lilikuwa kwake. Kisha ulituita."

"Niliwaita mje kuanua! Sikuwaambia mmwache mtoto!"

"Ulisema njooni nyote. Nimewafunza ukiitwa karata chini, nao wakainuka, nami nikainuka. Ussi aliitwa mara tatu hakuinuka, ukafiwa na mtoto. Sisi tumeitwa mara moja tukainuka, nusura ufiwe na mwingine. Nimecheza karata umri wangu wote, Mwatima, na mkono huu siuelewi."

Basi tazameni, waungwana, hali ya mwanamke huyu. Kila alichokishika kilikuwa na ncha mbili. Alitaka kuzitupa karata motoni, kwa kuwa ndizo zilizompotezea mwana. Alitaka kuzibusu, kwa kuwa ndizo zilizomrudishia. Alimkasirikia Bi Kazija mpaka mikono ikataka kumsukuma nje, na mikono hiyo hiyo ilikuwa imemshika Faki mzima, anayepumua, anayevuta sikio la mama yake. Alijikasirikia na yeye mwenyewe: nani kamlaza mtoto kwenye pakacha? Nani kamfunika jani lile lile linalofunika karafuu? Nani kaita njooni nyote?

Bi Kazija alikuwa ameshaanza kuinuka. "Kiapo chako nakijua, mwanangu. Nilikuwapo ulipokiapa. Nitakwenda kwa ndugu yangu. Watoto waache, ni mimi niliyewapa."

"Bibi akienda, nami naenda," alisema Mize. "Nami nilizishika."

"Nami nilizishika," alisema Pandu.

"Nami," alisema Shaame, akaanza kulia. Huyo ndiye aliyekuwa amekwisha kuacha kulia akishindwa.

Mlango ukagongwa. Nje mji mzima ulikuwa unasubiri, mvua imekatika, watu wana hamu. Wakamsukuma mbele Mzee Vuai. Alikuwa hatazami mtu.

"Mwatima," akasema, "mti sitaki. Baki nao."

"Hapana!" wakasema watu. "Nadhiri haikataliwi! Umejitosa majini, mzee mzima! Kwa nini hutaki? Sema, kwa nini?"

Mzee Vuai angesema nini? Kila alivyokataa, ndivyo walivyomwona mwema, na kila walivyomsifu, ndivyo alivyozidi kusinyaa. Macho yake yakaomba kitu kwa Mwatima, na Mwatima hakujua kama anaomba asitajwe au anaomba atajwe yaishe.

Pandu akavuta pumzi. Shaame akamshika shati kwa nyuma. "Usitupe," akamnong'oneza. "Pandu, usiitupe karata hiyo."

"Lakini ni mwizi," Pandu akanong'ona, "na wanampigia vigelegele."

"Nimemwambia pakacha lilidondoka. Nimeshamwambia."

Mwatima aliyasikia yote mawili. Akafikiri: nikimpa Vuai, nimempa mwizi mali ya baba yangu mbele ya mwanangu aliyemjua. Nikimnyima na kusema sababu, nimevunja mlango ambao mwanangu mwingine aliufungua, na bila mlango huo Faki angechukuliwa na maji. Nikiwapa watoto, watu watasema nimeweka nadhiri kwa Mungu kisha nimejirudishia mwenyewe. Nikimpa mkwe wangu, nimemtuza aliyekaidi. Nikimfukuza, nimemfukuza aliyewafunza waliomwokoa. Nikiwafukuza wote, nimebaki na Faki na mti. Na nikisamehe wote, basi siku ile mlangoni niliapia nini, na yule mtoto wangu wa kwanza alikwenda kwa sababu gani?

Watu wakamtazama. Mwatima akafungua mdomo.

Nami hapo hapo nanyamaza.

Msinitazame hivyo. Nakujueni. Kuna mmoja atasema wagawane. Mkarafuu haugawanywi, bwana, ukiupasua una kuni. Kuna mwingine atasema kiapo kina kafara yake, afunge siku zake yaishe. Naam, mdomoni kitaisha. Moyoni je? Na kuna mama mmoja pale nyuma, namwona, amekwisha kumshika mwanawe mkono na kumuuliza kama anajua kucheza karata. Mwache, mama. Kwanza nijibu mimi.

Mize aliyakumbuka yaliyopita. Pandu aliusoma uso. Shaame aliachia mkono ili apate mchezo, naye akasema uwongo. Bi Kazija aliwafunza wote watatu, tena kwa kukaidi. Mzee Vuai aliiba, na Mzee Vuai akajitosa, na ndiye, kwa maneno yenyewe ya nadhiri, aliyemweka mtoto mikononi.

Je, nani alistahili mkarafuu? Na nani alistahili kutoka katika nyumba ile? Wewe ungekuwa Mwatima, mtoto yuko begani na mji mzima unakutazama mdomoni, ungetamka jina la nani?